Faili lako limefika lote? Uhakiki wa vifungashio vya barua pepe vya zamani

Nianze na aibu yangu mwenyewe, usije ukadhani nakuja kukuhubiria.

Mwaka jana nilimtumia mwenzangu wa Nansio faili la vipimo vya maji ya ziwa. Mimi niko hapa Mabatini, yeye yuko ng'ambo kule Ukerewe. Lilikuwa faili la CSV, yaani maandishi matupu: mstari mmoja kipimo kimoja, namba zimetenganishwa kwa mkato. Akalipakua kwenye kompyuta ya stationery, akalihamishia kwenye flash, akachomoa flash haraka kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu anataka kuprinti. Nyumbani akalifungua, likafunguka fresh kabisa. Akakokotoa wastani, akachora grafu, akanitumia. Tukaijadili wiki mbili nzima. Maji yalionekana masafi kuliko tulivyotarajia, na mimi msomi nikaanza kutunga sababu: labda mvua, labda upepo.

Haikuwa mvua wala upepo. Faili lilikatika njiani. Vituo viwili vya mwisho kwenye orodha, vilivyo karibu zaidi na mji, havikuwamo. Na CSV haina utaratibu wa kusema "bado sijaisha". Ukiikata popote, kinachobaki bado kinaonekana CSV halali. Tulishtuka siku moja tu kabla ya kupeleka rasimu ya ripoti, mwenzangu alipohesabu vituo kwenye ramani akakuta namba haziendani na grafu. Tungechelewa kidogo, tungewaambia watu wanaochota maji yale kwamba mambo ni shwari.

Nilipoanza kutafuta nani aliwahi kupambana na tatizo hili, nikakuta watu walikuwa wanalihangaikia tangu sijazaliwa, enzi ambazo programu ya kompyuta ilisafirishwa ndani ya barua pepe kama maandishi. Wengi wetu tukiiona teknolojia ile leo tunacheka. Mimi nimeamua kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia. Kwani programu nayo ni kazi iliyotungwa na mtu, na ndani yake kuna mtazamo wa mtunzi kuhusu dunia: anamwamini nani, anaogopa nini, amemfikiria mpokeaji au hakumfikiria.

Nitauliza maswali matatu kwa kila kazi. Moja, mzigo unafika bila kuharibika? Mbili, mpokeaji anajua kama amepata wote? Tatu, wakati wa kufungua, nani ameshika usukani: mpokeaji au mtumaji?

Barabara iliyopitisha herufi tu

Fikiria unatuma mzigo Bukoba kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi. Hulifuati basi. Unafunga mzigo, unaandika jina na namba ya simu, unamkabidhi mtu, na njiani huenda ukashushwa, ukapangwa upya, ukapandishwa gari jingine. Barua pepe ya miaka ya 1980 ilikuwa hivyo hivyo. Mashine moja inapokea, inahifadhi, ikipata njia inaipeleka kwa mashine ya mbele. Kila moja ina tabia zake.

Sasa barabara hiyo ilijengwa kwa ajili ya herufi. Kanuni za SMTP zilizochapishwa mwaka 1982 zilihakikisha usafiri wa herufi za biti 7 tu, tena katika mistari isiyozidi herufi 1000. Programu haiko hivyo. Programu ni mfululizo wa baiti, kila baiti ina biti 8, na biti zote 8 zina kazi. Mashine ya njiani ikiifuta ile biti ya nane, barua ya kawaida ya Kiingereza haijali. Programu inakufa. Hata biti moja ikigeuka, inaweza ikagoma kabisa.

Suluhisho lililopatikana lilikuwa kuiheshimu barabara kama ilivyo, kisha kuibadilisha programu ivae sura ya maandishi. Ikifika, inavuliwa.

Kazi ya kwanza: uuencode

Mary Ann Horton aliandika uuencode akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1980. Wazo lake ni dogo, na unaweza kulifanya kwa kalamu. Twende taratibu.

Chukua neno "jua". Kwenye kompyuta, j ni 106, u ni 117, a ni 97. Kwa biti ni 01101010, 01110101, 01100001. Jumla biti 24. Sasa usizigawe kwa nane nane, zigawe kwa sita sita: 011010, 100111, 010101, 100001. Umepata namba nne: 26, 39, 21 na 33. Biti sita haziwezi kuzidi 63, kwa hiyo namba zote ni ndogo. Ongeza 32 kwa kila moja ili uruke zile alama za siri zinazoivuruga mashine: 58, 71, 53, 65. Tazama kwenye jedwali la ASCII, unapata alama nne za kawaida kabisa:

:G5A

Basi. "Jua" limegeuka ":G5A", na alama hizo nne zinapita kwenye mashine yoyote inayopitisha barua. Mpokeaji anapunguza 32, anaunganisha biti, jua linachomoza tena.

Baiti tatu zimekuwa herufi nne. Mstari uliojaa hubeba baiti 45, ambazo zinakuwa herufi 60. Mwanzoni mwa mstari huwekwa herufi moja inayosema mstari umebeba baiti ngapi: 45 ukijumlisha 32 ni 77, nayo 77 ni M. Ndiyo maana ukiona faili la uuencode unaona msitu wa mistari inayoanza na M. Neno letu lenye baiti tatu lingeandikwa #:G5A, kwa kuwa # ni 35, yaani 3 ukiongeza 32.

Ila kilichonigusa mimi ni mistari miwili mingine. Wa kwanza kabisa husema "begin 644" na jina la faili. Wa mwisho una neno moja tu: "end". Kama huna end, huna faili. Hakuna ubishi. Laiti CSV yangu ingekuwa na neno hilo la herufi tatu!

Hapo namsifu mtunzi. Ila uhakiki si sifa tu.

Kwanza, uuencode ya asili haikuwa na hesabu ya kukagua yaliyo katikati. Ina mwanzo, ina mwisho, na kila mstari unajua urefu wake, lakini herufi moja ikibadilika ndani ya mstari, hakuna kengele inayolia. Pili, Horton aliitumia nafasi tupu kama alama, kwani sifuri ukiongeza 32 ni alama ya nafasi. Mashine nyingine zilikuwa na mazoea ya kufuta nafasi zilizo mwishoni mwa mstari, wakidhani wanasafisha, na mzigo ukaharibika. Matoleo ya baadaye yakaweka alama nyingine badala yake. Tatu, jina la faili liliandikwa na mtumaji, na programu ya kufungua ililitii. Kuna mashine za Unix zilizokuwa na anwani ya "decode": ukituma barua huko, inafunguliwa yenyewe na faili linaandikwa pale mtumaji anapotaka. Wadukuzi walishukuru sana. Mtunzi aliiogopa barabara, hakumwogopa mtumaji.

Nne, uzito. Mstari wa baiti 45 unasafiri kama alama 62, ukihesabu M na alama ya kukata mstari. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 38. Kwa mtu wa Boston mwaka 1990 ni usumbufu tu. Kwa mtu wa Dar es Salaam ilikuwa pesa.

Huku kwetu mzigo ulilipiwa kwa dakika

Tukisimuliana historia ya intaneti Tanzania, tunapenda kuanzia kwenye mikahawa ya intaneti, au mkongo wa SEACOM ulipofika Dar mwaka 2009. Masimulizi hayo yanaruka watu muhimu. Kumbuka hii ni nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, marufuku ikaja kulegezwa baadaye. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe ilikuwa inatembea Afrika Mashariki, tena bila intaneti ya moja kwa moja.

Mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada, uliviunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. HealthNet, mtandao wa shirika la SatelLife lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, ulihudumia madaktari na vyuo vya tiba, Muhimbili ikiwemo. Wengi walitumia teknolojia ya FidoNet, aliyoianzisha Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984: kompyuta yako inakusanya barua mchana kutwa, inazibana pamoja, kisha modemu inapiga simu kwa kompyuta nyingine, zinabadilishana mafurushi, zinakata simu. GreenNet ya London ilikuwa lango la kuingilia ulimwengu mwingine. HealthNet walikuwa hata na setilaiti, UoSAT-3 iliyojengwa Chuo Kikuu cha Surrey na kurushwa Januari 1990. Ilikuwa inapita juu yako dakika chache, inachukua barua, inahifadhi, inakwenda kuzishusha pengine. Basi la Nyegezi, lakini angani.

Sasa piga hesabu nami. Modemu ya biti 2400 kwa sekunde hupitisha kama baiti 240 kwa sekunde, kwa sababu kila baiti huongezewa biti mbili za kuanza na kumaliza. Programu ya baiti 100,000 ingechukua sekunde 417, dakika 7 hivi. Ukiivika uuencode inakuwa kama baiti 138,000: sekunde 575, karibu dakika 10. Dakika tatu za simu ya kimataifa zimekwenda kulipia nguo, si mwili.

Ndiyo maana kubana kulikuwa ni lazima. Unabana kwanza, ndipo unaivika. ZIP, aliyoitoa Phil Katz mwaka 1989, ilipendwa kwa sababu hiyo. Hapa watu wa kanda yetu wanapenda mfano wa dagaa: unawaanika, wanakuwa wepesi, gunia moja linabeba waliokuwa wanajaza ndoo nyingi. Mfano mzuri ila una kasoro. Dagaa mkavu ukimlowesha harudi kuwa yule aliyetoka ziwani. ZIP hurudisha kila biti ilivyokuwa. Dagaa anafanana zaidi na picha unayoituma WhatsApp kwa njia ya kawaida: inafika nyepesi, inatosha kwa kutazama, lakini ya asili hairudi.

Na mzigo mkubwa uligawanywa, kwa kuwa mashine nyingi zilikataa ujumbe uliozidi kilobaiti 64 hivi. Unapokea barua sita: 1/6, 2/6, mpaka 6/6. Ya nne haijafika? Unamwandikia mtumaji, unasubiri. Zikitimia, unazipanga kwa mkono, unakata vichwa vya barua, unaziunganisha, ndipo unafungua. Kuchosha kulichosha. Lakini hakuna aliyemaliza kazi ile bila kujua faili ni nini na lina vipande vingapi.

Kazi ya pili: shar

Jina lake ni kifupi cha maneno yenye maana ya "kumbukumbu ya shell", na toleo la mwanzo liliandikwa na James Gosling mwaka 1982, huyo huyo aliyekuja kuunda lugha ya Java. Shar ilitumika zaidi kusambaza programu zikiwa bado ni maandishi ya lugha ya kompyuta. Ujanja wake ni huu: kifurushi chenyewe ni programu. Hukifungui, unakiendesha, nacho kinajifungua. Ni sawa na kupokea kabati kutoka kwa fundi, kisha kabati lenyewe linaunganisha milango yake.

Kwa swali la kwanza, shar ilijitahidi. Iliweka herufi X mwanzoni mwa kila mstari, kwa kuwa mifumo ya barua ilikuwa na kasumba ya kugusa mistari inayoanza na maneno fulani. Kwa swali la pili iliipita uuencode: shar nyingi zilihesabu herufi za kila faili baada ya kulifungua, na zisipolingana na za mtumaji, zinakuambia hapo hapo faili limeharibika safarini. Hiyo ndiyo adabu ninayoizungumzia.

Kwa swali la tatu, shar ilifeli vibaya. Kuendesha kifurushi cha mtu usiyemjua ni kumpa funguo za nyumba na kwenda zako sokoni. Mtumaji angeweza kuandika humo amri ya kufuta mafaili yako yote. Watu walilijua hilo. Wenye busara walisoma shar kwanza kwa macho, na wengine wakaandika programu za kuifungua bila kuiendesha. Ilivumilika kwa sababu ilikuwa maandishi: anayetaka kukagua angeweza.

Kazi ya tatu: MIME

Mwezi Juni 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha MIME, na kiambatisho unachokijua leo kikazaliwa. Chini kabisa wazo ni lile lile la Horton: baiti tatu, herufi nne. Ila alama 64 zilichaguliwa kwa umakini, zile zinazovumilia hata mashine zilizokuwa na jedwali tofauti la herufi. Mfumo huo unaitwa base64, na "jua" letu humo ni anVh. Kila sehemu ina lebo ya aina ya mzigo, na ina mpaka wa mwanzo na wa mwisho. Kulikuwa hata na utaratibu wa kugawa ujumbe mkubwa, na baadaye kichwa cha hiari cha kukagua kama mzigo umebadilika.

Kiuhandisi, MIME ndiyo kazi bora kati ya zote tatu, sibishani. Bado ipo, barua pepe yako ya asubuhi imepita humo. Hoja yangu ni kwamba ilifanya kazi vizuri mno mpaka kifungashio kikatoweka machoni. Kichwa kile cha kukagua kilikuwa cha hiari, na cha hiari watu hawakukitumia. Tukabaki na alama ya kipini cha karatasi. Ukimfundisha mwanafunzi kompyuta leo unamwambia: bonyeza kipini, chagua faili, tuma. Somo limeisha. Hakuna anayemwambia kwamba "limetumwa" na "limefika lote" ni sentensi mbili tofauti.

Sisi sasa

Usinielewe vibaya. Sitaki turudi kuunganisha vipande sita kwa mkono. Anayetamani enzi zile hajawahi kusubiri kipande cha nne. Lakini angalia tunavyorushiana mafaili. APK za WhatsApp zisizo rasmi zinatembea kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, na kufunga programu ya mtu usiyemjua ni shar ile ile, tofauti ni kwamba hii huwezi kuisoma kwa macho. Simu inakuonya, wewe unabonyeza ruhusu. Data za utafiti zinapita kwenye flash tano kabla hazijafika kwenye ripoti, na kila aliyezigusa anaamini aliyemtangulia alizipata zote. Kwa maswali yangu matatu, mazoea yetu ya leo yanafaulu la kwanza mara nyingi, la pili hatuulizi, la tatu tumeliachia bahati.

Na dawa si ngumu. Kwanza, bana faili lako kwa ZIP hata kama ni dogo. ZIP huweka orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa mwa faili, na kwa kila faili huweka namba ya ukaguzi iitwayo CRC-32. Likikatika njiani, orodha haipo, litagoma kufunguka. Kugoma huko ndiko unakokitaka. Unapata "end" ya Horton bure, pamoja na ukaguzi ambao yeye hakuuweka. Pili, kwenye ujumbe andika idadi ya mistari: "faili lina mistari 4,000, hesabu kabla hujaanza". Tatu, kwa mzigo nyeti tumia SHA-256, alama ya vidole ya faili ambayo kompyuta yoyote ya kisasa huitoa kwa amri moja. Mtume mwenzako alama hiyo kwa njia nyingine, alinganishe.

Mimi na mwenzangu wa Nansio tunafanya hivyo sasa. Ripoti ilichelewa, vituo vile viwili vikarudishwa, na wastani ukawa mbaya kama ulivyo ziwani. Sikufurahia matokeo, ila angalau ni ya kweli.

Kabla hujaenda, chukua kalamu ufungue kifurushi hiki kwa mkono: #;71O. Alama ya mwisho ni herufi O kubwa, si sifuri. Ukikosea biti moja hutapata neno. Ukipatia, utapata kitu kinachoingia ziwani kila siku.